MUFUPA UNAJIJENGA WENYEWE
Mazungumzo na wamama siku ya kupima kilo



Leo hatutasema juu ya malaria wala kuhara. Tutasema juu ya mifupa. Siku moja, tulipomaliza kupima watoto, mama mumoja kutoka upande wa Beni alibaki nyuma, akaniuliza hivi: «Mama, tunasikia huko Ulaya wanganga wanatengeneza mufupa, wanauweka ndani ya mutu, na mutu anatembea. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini kaka yangu angali anatembea na magongo tangu risasi ilipovunja muguu wake?»

Nilimujibu mbio-mbio, maana jua lilikuwa linaingia na yeye alikuwa na safari. Lakini ulizo lake lilinifuata mupaka nyumbani. Basi leo nitajibu vizuri, kwa sababu jibu lile linawahusu ninyi wote, hata wenye watoto wasiovunjika kitu.

1. MUFUPA NI KITU GANI?

Wengi wanafikiri mufupa ni kama jiwe ndani ya nyama. Haiko hivyo. Fanyeni jambo hili nyumbani, mutaona ninyi wenyewe.

Kama munakula kuku, wekeni mifupa miwili ya muguu. Mufupa wa kwanza muutie ndani ya siki kwa muda wa juma moja, mukibadilisha siki mara moja ao mbili. Mukiutoa, mutashangaa: unapindika kama mupira, hauvunjiki. Mufupa wa pili muutie ndani ya moto mupaka uwe mweupe kabisa. Mukiuminya na vidole, unasagika kama unga.

Sababu gani? Mufupa umejengwa na vitu viwili. Kimoja ni nyuzi laini lakini zenye nguvu, zinaitwa kolajeni. Cha pili ni madini ya chokaa na fosfori yanayoshikamana na zile nyuzi. Siki iliondoa madini, zikabaki nyuzi. Moto uliteketeza nyuzi, yakabaki madini.

Munajua nyumba zetu za fito na udongo. Fito peke yake, upepo unaingia na nyumba inayumba. Udongo peke yake, mvua moja tu na ukuta unaanguka. Lakini fito na udongo pamoja, nyumba inasimama miaka. Mufupa ni vile vile: ugumu unatoka kwa madini, na uwezo wa kupindika kidogo bila kuvunjika unatoka kwa nyuzi.

Tena kuna jambo la tatu. Nyumba ya udongo haina uzima, lakini mufupa ni muzima. Ndani yake damu inapita. Ndani yake kuna mafundi wadogo sana ambao macho hayawezi kuwaona. Wengine wanabomoa sehemu iliyozeeka, wengine wanajenga sehemu mupya. Kazi ile haisimami, muchana na usiku, tangu mutoto angali tumboni mupaka uzee.

2. MUFUPA UKIVUNJIKA, NINI INAPITA NDANI?

Siku za kwanza, damu inatoka pahali palipovunjika na kuganda. Musidhani ile damu ni uchafu. Ndiyo mwanzo wa kazi, maana inaita mafundi.

Majuma mawili ao matatu baadaye, kitu laini kinaunganisha sehemu mbili, kama kamba ya kwanza mutu anayofunga kabla ya kutia udongo. Kisha madini yanaingia, kinakuwa kigumu. Mukigusa, munasikia uvimbe mugumu. Baadaye mafundi wanasawazisha polepole, kwa miezi hata miaka.

Mutoto muchanga aliyevunjika paja anaweza kupona kwa majuma matatu ao manne. Mutoto wa shule anahitaji majuma sita mupaka nane. Mutu mukubwa anahitaji miezi mitatu ao kupita. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kukimbiza kazi ile.

Mumesikia? Munganga haungi mufupa. Plasta haiungi mufupa. Musumari wa chuma hauungi mufupa. Hivi vyote vinashikilia tu, kusudi mufupa utulie na kujijenga wenyewe.

3. SASA TUJIBU ULIZO LA YULE MAMA

Kuna wakati mufupa hauwezi kujijenga, kwa sababu kipande kimepotea. Risasi inafanya hivyo. Haivunji kama muti unaokatika, inasaga. Sisi wa Beni na Butembo tunajua habari hii kupita wengi, zaidi tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwaka 2014. Shimo likiwa kubwa, mafundi wa mwili hawawezi kuvuka, kama vile mutu hawezi kuvuka muto bila daraja.

Basi wanganga wanafanya nini? Dawa ya zamani, na mupaka leo ndiyo wanayopimia zingine zote, ni kuchukua mufupa wa mugonjwa mwenyewe. Wanakata kidogo pembeni ya nyonga na kuujaza pahali penye shimo. Mwili unautambua, mafundi wanaingia. Lakini nyonga haina mufupa mwingi, na mugonjwa anapata kidonda cha pili.

Kwa hiyo watu wenye elimu walitafuta kitu kingine. Mwaka 1892, munganga mumoja Mudachi, jina lake Dreesmann, alijaza mashimo ya mifupa na plasta, ndugu ya ile tunayofunga nayo mikono iliyovunjika. Mwili uliimeza polepole. Wengine walitumia mufupa wa ng'ombe uliosafishwa mupaka yakabaki madini tu.

Kisha kukaja vita vya Vietnam. Askari wengi wa Marekani walipoteza mikono na miguu, na vitu vya chuma na plastiki vilivyotiwa ndani ya watu, mara nyingi mwili haukuvipokea vizuri. Mwalimu mumoja wa chuo kikuu cha Florida, Larry Hench, alijiuliza: je, tunaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa? Mwaka 1969 alitengeneza kioo cha namna ya pekee. Hakikuwa kioo cha dirisha. Alikichanganya na chokaa na fosfori, vile vile vilivyo ndani ya mufupa. Kikiguswa na maji ya mwili, kinajifunika na ngozi nyembamba ya madini kama yale ya mufupa. Mafundi wa mwili wanaona kama ni mufupa, wanashikamana nacho. Ndiyo maana wanakiita kioo chenye kutenda kazi mwilini.

Lakini kioo ni kioo. Kinavunjika. Kinafaa kujaza shimo, hakifai kubeba uzito wa mutu anayetembea. Mumekwisha kufahamu kinachokosa, si ndiyo? Kinakosa fito! Ndiyo sababu siku hizi, kwa mufano huko London kwenye chuo cha Imperial College, wanachanganya kioo kile na nyuzi laini, kusudi wapate kitu kigumu kinachoweza pia kupindika kidogo. Wanakifanya na matundu madogo-madogo, ili damu ipite na mafundi waingie. Wanataka kiyeyuke polepole, na mufupa wa kweli ukamate pahali pake.

Basi ni kweli, vitu hivi viko. Vingine vinatumika tayari. Kule Finland wanatengeneza punje za kioo za kujaza mufupa uliokuwa na usaha, na wanganga wa Ulaya wanazitumia. Vile vya kuchanganya kioo na nyuzi, vingi vingali vinajaribiwa. Musimupe mutu feza zenu kwa kuwaahidi mufupa wa Ulaya sokoni.

Juu ya kaka wa yule mama, nilisema hivi: mutu mwenye mufupa usiounga asikate tamaa na asikae nyumbani. Huko Goma kuna wapasuaji wanaojua kazi hii. HEAL Africa ilianzishwa na munganga wa mifupa Jo Lusi pamoja na mke wake Lyn. Kwenye hopitali ya CBCA Ndosho, wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa wanatumika tangu mwaka 2012 kwa watu walioumizwa na vita. Aanzie kwenye hopitali ya karibu, apigwe picha, apate barua ya kumutuma mbele.

4. MAMBO MATATU AMBAYO KITU CHOTE CHA KISASA HAKIWEZI KUFANYA

Wamama, sikieni vizuri hapa. Kioo cha Florida, mufupa wa nyonga, chuma, vyote vinataka mambo matatu. Damu ifike. Usaha usiwe. Mufupa utulie. Kama moja inakosekana, hata munganga mukubwa wa Ulaya atashindwa. Na mambo haya matatu, mara nyingi yanaamuliwa nyumbani, katika masaa ya kwanza, na mama.

Nitawaambia habari moja, ingawa inaniuma. Zamani kidogo, nikiwa zamu, walileta mutoto mwanamume wa miaka saba kutoka kijiji kimoja kando ya barabara ya Butembo na Beni. Alianguka kutoka muti wa avoka. Mukono ulivunjika juu kidogo ya kiganja, kitu chepesi, chenye kupona kwa mwezi mumoja na nusu. Nyumbani walimufunga na mabanzi na kamba, nguvu kabisa, kusudi «mufupa usikimbie». Usiku wa kwanza mutoto alilia. Walimuambia avumilie, yeye ni mwanamume. Siku ya pili alilia zaidi. Siku ya tatu alinyamaza, wakafurahi wakisema maumivu yamekwisha.

Siku ya nne wakaona vidole vimekuwa vyeusi.

Mama yake alimubeba mugongoni, akatembea kwa miguu tangu asubuhi. Alipofika aliniambia: «Hata haumii tena.» Sikujua nitamujibu nini. Mutoto aliacha kuumia kwa sababu mukono ulikuwa umekwisha kufa. Munganga aliukata. Mufupa ule, wamama, haukuwa na shida yoyote. Kamba ndiyo iliua mukono.

Sisemi hivi ili kutukana wazee wanaounga mifupa. Wengine wana mikono mizuri, na wamesaidia watu wengi pahali ambapo hakuna hopitali. Tena ninajua kwa nini watu wanawaendea. Wako karibu, wanakubali kulipwa polepole, wanasema lugha yetu. Ninajua pia kwamba wakati wa Ebola, tangu mwaka 2018 mupaka 2020, wengi wetu tuliogopa kuingia hopitali, na woga ule haujatoka ndani ya watu wote. Lakini fundi muzuri hakasiriki mukifungua kamba. Mukimuendea, mumuambie: «Muzee, tuache vidole vionekane.»

5. MUTOTO AKIVUNJIKA, MUFANYE HIVI

a) Musivute, musikande, musinyooshe. Mufunge mukono ao muguu vile munavyoukuta.

b) Tafuteni kitu cha kushikilia: banzi, karto, ao ganda kavu la mugomba. Kifike kupita viungo viwili, cha juu na cha chini ya pahali palipovunjika. Tieni kitambaa laini ndani, kisha mufunge na vipande vya kitenge. Kidole chenu kinapaswa kuweza kupita chini ya kila fundo.

c) Vidole vya mutoto vibaki wazi. Mivitazame kila saa.

d) Kama kuna kidonda karibu na pahali palipovunjika, hata kidogo kama chongo la sindano, mukioshe na maji safi ya kunywa, mukifunike na kitambaa safi, muende hopitali siku ile ile. Musitie udongo, wala mavi ya ng'ombe, wala majani, wala mafuta ya gari. Kidonda kile ni mulango wa usaha na wa pepopunda.

e) Muguu ukivunjika, mumubebe mutoto kwa kipoyi. Musimukalishe kwenye moto na muguu unaning'inia.

Na hizi ndizo alama za hatari kwa mutoto aliyefungwa, hata kama amefungwa plasta hopitalini:
– maumivu yanazidi badala ya kupunguka;
– vidole ni baridi, vimevimba, ni vyeupe ao vya rangi ya buluu;
– mutoto hasikii mukigusa vidole;
– hawezi kuvichezesha, ao analia sana munapovinyoosha.

Mukiona moja tu, mukate kamba saa ile ile. Musingoje asubuhi, musingoje baba arudi. Kama ni plasta, mukimbie hopitali hata ni usiku wa manane. Nyama inaanza kufa katika masaa machache. Ni afadhali mufupa uunge ukiwa umepindika kidogo, maana munganga anaweza kuunyoosha. Mukono uliokufa haurudi.

6. HOMA INAYOINGIA NDANI YA MUFUPA

Kuna mutoto ambaye hakuanguka, ao alianguka kidogo tu, lakini ana homa kali na anakataa kukanyaga muguu mumoja. Mama anasema ni malaria. Pengine ni malaria kweli, apimwe. Lakini hata kama damu inaonyesha malaria, muambie muuguzi: «Tazama na muguu.» Inaweza kuwa vijidudu vimeingia ndani ya mufupa kupitia damu. Watoto wenye ugonjwa wa damu wa SS wanapatwa mara nyingi zaidi.

Mutoto akiletwa siku za kwanza, dawa za kuua vijidudu zinaweza kumuponyesha. Akikawia, usaha unafunga njia za damu na kipande cha mufupa kinakufa. Kinabaki ndani kama jiwe. Kidonda kinafunguka na kufunga, kinafunguka na kufunga, miaka na miaka. Mutoto anakuwa na harufu mbaya, wenzake wanamukimbia, anaacha shule.

Hata hapo musikate tamaa. Mwili wa mutoto ni fundi wa ajabu: unajenga mufupa mupya kuzunguka ule uliokufa, kama mutu anayejenga ukuta mupya inje ya ule wa zamani. Ndiyo sababu pengine munganga anawaambia mungoje miezi kabla ya kupasua. Hawafukuzi. Anangoja ukuta mupya uwe na nguvu ya kubeba mutoto, kisha atatoa kipande kilichokufa. Siku anayowaambia murudi, murudi.

7. MAFUNDI WANAHITAJI VYOMBO

Fundi bila fito na udongo anafanya nini? Anakaa. Mutoto aliyevunjika asilishwe bugali mutupu. Kwa ajili ya nyuzi, mumupe maharagi, soya, mayai, samaki. Kwa ajili ya chokaa, mumupe ndagala pamoja na mifupa yake, lengalenga, sombe, na maziwa kama yanapatikana. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mutama, unafaa sana.

Na jua. Chokaa ya chakula haiingii vizuri mwilini bila vitamini D, na ngozi yetu inaitengeneza kwa msaada wa jua. Huku Butembo, kwa sababu ya baridi na ukungu, tunafunika watoto wachanga siku nzima, mupaka pua tu inaonekana. Ukungu ukitoka, mumufunue mikono na miguu kwa dakika chache kila siku. Mukiona mutoto amechelewa kutembea, miguu inapindika ao viungo vya mikono vimenenepa, mumulete tumuangalie.

TUKUMBUKE

Mufupa ni muzima, unajijenga wenyewe. Vitu vyote ambavyo watu wenye elimu wanatengeneza ni vya kusaidia mafundi wa mwili, si vya kukamata kazi yao. Mafundi wanafika kwa njia ya damu, na kamba ya nguvu inafunga njia ile. Mutoto aliyefungwa akinyamaza gafula, musifurahi mbele ya kutazama vidole vyake.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Mufupa uliotiwa ndani ya siki ulipoteza nini? Na ule uliotiwa motoni?
2. Kwa nini mutoto wa miaka saba alinyamaza siku ya tatu?
3. Mutajua namna gani kwamba kamba imefungwa nguvu kupita kiasi?
4. Nyumbani kwenu, nani ana ruhusa ya kukata kamba usiku kama baba hayuko? Mupatane juu ya jambo hili leo, mbele mutoto hajaanguka.

Mukienda nyumbani, muwaambie na wale ambao hawakufika leo.